Mlinzi wa Mzinga

Zipo hadithi nyingi, na sinema nyingi zaidi, zinazosimulia habari za magharibi ya Marekani katika karne ya 19, na bila shaka msomaji umepata kuona moja au mbili. Hadithi hizo hufanana kama watoto wa tumbo moja. Kikosi kidogo cha askari wapanda farasi kinavuka nchi kavu yenye majabali. Nyuma yao kuna gari la kukokotwa, na ndani ya gari, chini ya turubai, kuna silaha ambayo kila mtu anaitamani: bunduki moja iwezayo kufanya kazi ya bunduki mia. Wenyeji wa nchi wanaifuata kwa siri vilimani. Askari wamepewa amri moja tu, nayo ni kuilinda hata wafe wote, isije ikaingia katika mikono mibaya. Mtazamaji hukaa roho juu mpaka mwisho, na bunduki ikiokolewa hupiga makofi.

Nataka tuyafikiri maneno hayo mawili, "mikono mibaya". Hadithi huyatumia kana kwamba maana yake inajulikana na kila mtu, ilhali hayo ndiyo yaliyostahili kuulizwa kwanza. Mtu akikesha mlangoni pa ghala la silaha, kisha akasema, "Mimi silindi ila mali ya serikali, sijampiga mtu," je, amejitoa katika hesabu ya kazi itakayofanywa na silaha hiyo kukipambazuka? Na yule aitamaniye silaha hiyo kutoka vilimani, mlinzi amepata wapi haki ya kumwita mwizi?

Maswali kama haya ni rahisi kuyajibu kwa maneno matupu. Kwa hiyo na tuyatazame mambo yalivyokuwa.

Silaha ya sinema ilikuwako kweli. Aliyeibuni aliitwa Richard Jordan Gatling, mzaliwa wa jimbo la North Carolina mwaka 1818. Alikuwa fundi wa vyombo vya kilimo, akajulikana kwanza kwa mashine yake ya kupanda mbegu. Tena alisomea utabibu, ingawa hakuufanya kuwa kazi yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 alikuwa akikaa katika mji wa Indianapolis. Aliwaona vijana wakienda vitani kila siku, na kila siku aliwaona wengine wakirudishwa, hawa majeruhi, hawa wagonjwa, hawa maiti. Akatambua jambo ambalo ni kweli, kwamba wengi wa waliokufa hawakuuawa na risasi bali na maradhi ya kambini. Kwa muda mrefu wanahistoria wamekadiria kwamba vita hivyo viliua askari wapatao 620,000, na kwamba kadiri ya theluthi mbili yao walikufa kwa ugonjwa.

Basi Gatling akawaza hivi, kama alivyoeleza mwenyewe katika barua aliyoiandika mwaka 1877: endapo mtu mmoja ataweza kwa msaada wa mashine kufanya kazi ya watu mia vitani, majeshi makubwa hayatahitajiwa tena, na majeshi yakipungua, watakaokufa kwa vita na kwa maradhi watapungua pia. Haki ya uvumbuzi wake iliandikishwa tarehe 4 Novemba 1862. Bunduki ile ilikuwa na mitutu sita iliyozungushwa kwa mkono, mfano wa mashine ya kusagia nyama, na risasi zilidondoka kutoka juu kwa uzito wao wenyewe, moja baada ya moja. Ilifyatua risasi zipatazo 200 kwa dakika moja. Jeshi la Marekani liliikubali rasmi mwaka 1866.

Sisemi kwamba Gatling alikuwa mnafiki. Naamini alilosema, maana huruma yake ilitokana na mambo aliyoyaona kwa macho yake. Lakini itazame hesabu yake tena. Ndani yake wamo watu mia waliosalimika nyumbani kwa sababu mwenzao mmoja amekwenda na mashine. Hayumo hata mtu mmoja aliyesimama mbele ya mtutu.

Mwaka 1866, vita vya nyumbani vikiwa vimekwisha, jeshi hilo lilikuwa limeelekeza macho magharibi. Huko waliishi mataifa ya wenyeji asilia: Walakota, Wacheyenne, Wanez Perce, Waapache na wengine wengi. Mwaka 1868, katika ngome ya Fort Laramie, serikali ya Marekani ilitia sahihi mkataba uliowawekea Walakota nchi yao, pamoja na milima ya Black Hills wanayoitukuza. Mwaka 1874 msafara wa askari ulioongozwa na Luteni Kanali George Armstrong Custer uliingia katika milima hiyo, na habari za dhahabu zikatangaa. Wachimbaji wakamiminika. Serikali ikashindwa kuinunua nchi, na mwaka 1876 ikapeleka jeshi.

Katika jeshi hilo zilikuwamo bunduki tatu za Gatling. Mnamo tarehe 21 Juni 1876 Custer aliambiwa kwamba anaweza kuzichukua, akakataa. Alihofu kwamba zitamchelewesha njiani, na hofu yake haikuwa ya bure, maana zilikokotwa na farasi waliokwisha kukataliwa kwa kazi ya wapanda farasi, na nchi ile ina makorongo mengi. Siku nne baadaye, kando ya mto Little Bighorn, yeye na askari zaidi ya 200 aliokuwa nao waliuawa wote na Walakota na Wacheyenne. Na ukiwahesabu waliokufa katika vikosi vingine vya rejimenti yake siku hizo mbili, jumla yapata 260 na zaidi.

Tangu hapo watu wamebishana: laiti angalizichukua zile Gatling, je, angalipona? Vitabu vimeandikwa juu ya hilo. Mimi huona ubishi huo ni kielelezo cha namna silaha inavyoweza kupofusha akili. Mtu huuliza kwa nini Custer hakuwa na bunduki bora zaidi, wala haulizi alikuwa na shughuli gani mahali pale. Suala la nchi ile halikwisha mwaka huo. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani yenyewe iliamua kwamba Black Hills zilichukuliwa pasipo fidia ya haki, ikaamuru Walakota walipwe fedha. Walakota walizikataa fedha. Walisema wanataka milima.

Sasa nikueleze juu ya mzinga mmoja ambao ulilindwa na ukatekwa, kwa sababu hapo ndipo tunapoweza kulipima lile neno la "mikono mibaya".

Wanez Perce waliishi katika nchi ambayo leo ni majimbo ya Oregon, Washington na Idaho. Mkataba wa mwaka 1855 uliwaachia sehemu kubwa ya nchi yao. Mkataba wa mwaka 1863 ukawanyang'anya sehemu kubwa ya hiyo waliyoachiwa, na baadhi ya wakuu wao, akiwamo mkuu wa bonde la Wallowa, hawakuukubali. Mwaka 1877 watu hao wasiotia sahihi walipewa siku 30 wahamie katika rizavu. (Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa neno hilo.) Walikuwa tayari kuhama. Lakini mwezi wa Juni vijana wachache wenye uchungu wa visa vya zamani waliwaendea walowezi wa mto Salmon, wakawaua watu kadhaa, na si wote waliouawa waliokuwa na hatia. Hili nalo lazima lisemwe, maana anayetetea waliodhulumiwa kwa kuficha makosa yao huwadhulumu mara ya pili. Baada ya hapo vita vikaanza, na Wanez Perce wapatao 750, wengi wao wanawake, watoto na wazee, wakaanza safari ya kukimbilia mbali.

Alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1877, katika bonde la Big Hole huko Montana, askari na raia wa kujitolea karibu 200 chini ya Kanali John Gibbon waliivamia kambi yao watu wakiwa wamelala. Walipiga risasi ndani ya mahema. Wanez Perce waliouawa hukadiriwa kuwa kati ya 60 na 90, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Hata hivyo mashujaa wao walijikusanya, wakawarudisha askari nyuma mpaka msituni, wakawazingira.

Wakati huo mzinga ulikuwa unakuja. Ulikuwa mzinga mdogo wa milimani, ukiletwa nyuma ya jeshi na askari wachache, pamoja na nyumbu aliyebeba risasi za bunduki zipatazo 2,000. Ulipofika juu ya kilima ulifyatuliwa mara mbili. Kisha wapiganaji wa Kinez Perce wakawafikia walinzi wake. Mmoja akauawa, wengine wakajeruhiwa, wengine wakakimbia. Silaha iliyotamaniwa ikawa katika mikono ya wale ambao hadithi zote zingewaita mikono mibaya.

Walifanya nini nayo? Risasi walizichukua, kwa kuwa bunduki zao zilizihitaji. Mzinga waliufungua vipandevipande, wakaziacha sehemu zake zisifae tena kwa kazi, wakaenda zao. Walikuwa na adui aliyezingirwa msituni karibu nao, adui ambaye asubuhi ile ile alikuwa amewaua watoto wao.

Hapa msomaji makini atanikatiza. Atasema, "Labda hawakuwa na ujuzi wa kuutumia, wala mzinga haubebeki na watu walio mbioni. Usigeuze shida ikawa wema." Pingamizi hilo ni la haki, na sitaki kuwafanya Wanez Perce malaika. Tena atasema kwamba baada ya Little Bighorn bunduki za askari waliokufa zilitwaliwa na washindi, na kutumiwa. Hilo pia ni kweli. Neno langu si kwamba mikono ya wenyeji ilikuwa safi. Neno langu ni kwamba sifa ya mkono haijulikani kwa kutazama ngozi yake, wala sare iliyovaliwa juu yake, wala kwa kuuliza ni nani aliyekuwa wa kwanza kuishika silaha. Hujulikana kwa jambo ambalo mkono huo ulifanya, na kwa haki iliyouleta mahali pale.

Haki ya mahali ndiyo mzizi wa jambo lote. Mlinzi wa ghala la nafaka katika kijiji chake ana haki ya kumzuia mwizi kwa sababu nafaka ni ya kijiji, na kijiji ni chake. Mtu akiingia shambani mwako usiku, akafanya kambi, akaweka bunduki yake penye mlango wa nyumba yako, kisha akakutuhumu kwamba unaitamani bunduki hiyo, utamjibuje? Bila shaka unaitamani. Ungekuwa mpumbavu kutoitamani. Kutamani kwako si ushahidi wa uovu wako, bali ni matokeo ya yeye kuwapo. Hadithi za sinema huanza baada ya kambi kufanywa shambani. Hapo ndipo ujanja wao ulipo. Ukianza kusimulia tangu alasiri, mwenye shamba huonekana mvamizi.

Niliwahi kuliweka swali hili mbele ya wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Mmoja alinijibu, "Mwalimu, yule askari ana mshahara na watoto. Hakuchagua vita. Akiuacha mzinga atapigwa risasi yeye." Wenzake walicheka, lakini mimi sikucheka, kwa kuwa ndilo jibu zito kuliko yote niliyoyasikia siku ile. Nalo lanipeleka kwa walinzi wa namna ya pekee.

Mwaka 1866 Marekani iliunda rejimenti mbili za wapanda farasi weusi, ya 9 na ya 10. Wengi wa askari wao walikuwa watumwa mpaka mwaka mmoja uliotangulia. Maofisa wao walikuwa Wazungu. Watu hao, waliojulikana baadaye kwa jina la Askari Nyati, walitumikia miaka mingi katika nchi za magharibi, wakasindikiza magari, wakalinda ngome, wakapigana na Waapache na wengine. Walipata chakula, sare, mshahara na heshima ambayo hawakuipata popote pengine. Mtu aliyenyang'anywa yote alipewa bunduki, akaambiwa amlinde aliyemnyang'anya asidhurike na mtu mwingine anayenyang'anywa. Je, twaweza kumlaumu? Je, twaweza kutomlaumu kabisa?

Nasi hatuko mbali na swali hilo. Mwaka 1884 Hiram Maxim, mzaliwa wa Marekani, alibuni mjini London bunduki iliyopita ile ya Gatling, kwa kuwa ilijiendesha yenyewe pasipo kuzungushwa kwa mkono. Silaha za jamii hiyo ndizo zilizokuja kwetu; askari waliziita bombomu. Tarehe 30 Agosti 1905, wakati wa Maji Maji, maelfu ya wapiganaji waliiendea boma ya Wajerumani huko Mahenge, wakiamini kwamba dawa itageuza risasi kuwa maji, na bunduki mbili za namna hiyo ziliwafyeka. Mwaka huo huo Waingereza walikwenda kuwavunja nguvu Wanandi, na Maxim zilikuwamo katika msafara wao. Msomaji ajiulize ni nani walioyabeba masanduku ya risasi, na ni nani waliolala kando ya silaha hizo usiku ili zisiibwe. Walikuwa Waafrika waliotoka makabila mengine na nchi nyingine, wenye mishahara na watoto, kama alivyosema mwanafunzi wangu.

Kwa maoni yangu shida ya mtu hupunguza lawama yake, wala haiifuti. Mlinzi aliyelazimishwa hana hatia sawa na aliyetuma jeshi, na aliye mbali mezani akitia sahihi ana hatia kubwa kuliko wote. Lakini liko jambo moja ambalo hata mlinzi maskini hawezi kulikabidhi kwa mkubwa wake, nalo ni kujua. Anajua mtutu umeelekezwa wapi. Yeye ndiye aliye karibu kuliko waziri na kuliko mvumbuzi; huona kama walio mbele ya mtutu wamebeba mikuki au wamebeba watoto. Gatling angeweza kusema hakuwaona. Mlinzi hawezi.

Majira ya baridi ya mwaka 1890 jeshi lilikuwa limekusanyika katika rizavu ya Pine Ridge, kwa kuwa Walakota walikuwa wakicheza ngoma ya dini mpya, na wakubwa waliogopa uasi. Rejimenti ya 9 ya askari weusi ilikuwako, na rejimenti ya 7, ile ya Custer, ilikuwako pia. Tarehe 28 Desemba wapanda farasi wa rejimenti ya 7 waliwakuta Walakota wapatao 350 chini ya mkuu aliyeitwa Spotted Elk, ambaye askari walimjua kwa jina la Big Foot. Alikuwa mgonjwa wa mapafu, amelazwa ndani ya gari, na bendera nyeupe imepandishwa. Askari waliwaongoza mpaka penye kijito cha Wounded Knee, wakawapa chakula, na juu ya kilima kilichoikabili kambi wakaweka mizinga minne ya Hotchkiss. Usiku kucha mizinga ililindwa, wala hakuna mtu aliyejaribu kuitwaa.

Asubuhi ya tarehe 29 askari wapatao 500 waliizunguka kambi na kuanza kuwanyang'anya Walakota silaha zao. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja, aliyesemekana kuwa kiziwi, hakukubali kuitoa bunduki yake kwa sababu aliinunua kwa gharama kubwa. Askari walimshika, wakavutana, risasi ikalia. Rejimenti ikafyatua. Kisha mizinga ya kilimani ikaanza, kwanza juu ya mahema, halafu juu ya korongo ambamo wanawake na watoto walikuwa wakikimbilia. Wengine walikutwa wameuawa maili kadhaa kutoka hapo. Askari 25 walikufa, na yasemekana baadhi yao walipigwa na risasi za wenzao. Idadi ya Walakota waliouawa hukadiriwa kati ya 150 na 300. Karibu nishani 20 za juu kabisa za ushujaa walipewa askari kwa kazi ya siku ile, wakiwamo waliohudumia mizinga. Mwaka 1990, baada ya miaka 100, Bunge la Marekani lilitoa tamko la masikitiko.

Siku zile za mauaji ilianguka theluji kubwa, na maiti ziliachwa pale zikiganda. Mwanzoni mwa Januari 1891 watu wa kuajiriwa walikuja kuzika. Walichimba handaki moja refu, wakawaweka humo watu 146, wanaume, wanawake na watoto pamoja. Handaki hilo walilichimba juu ya kilima kile kile, mahali ilipokuwa imewekwa mizinga minne, na kaburi lipo hapo mpaka leo.